JUMLA aliyeketi kati ya Juma na Justina

Orodha ilikuwa ya michango ya harusi, ndani ya Excel, programu ya majedwali. Watu sitini na kitu, safu ya majina, safu ya ahadi, safu ya kilicholipwa, na chini kabisa mstari wa JUMLA. Mwenyekiti wa kamati akaomba majina yapangwe kwa alfabeti ili kila mtu ajione upesi kwenye simu yake. Nikabofya jina moja, nikabonyeza kitufe cha A–Z, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp bila kutazama mara mbili. Haukupita muda mjumbe mmoja akauliza: "Samahani wana kamati, huyu JUMLA aliyetoa milioni sita ni ndugu wa upande gani?"

Nikafungua faili. Kweli, alikuwa ameketi kati ya Juma na Justina, ametulia kama mgeni mwalikwa. Mweka hazina alikuwa amejumlisha kwa kikokotoo cha simu na kuandika tarakimu kwa mkono. Ingekuwa fomula ingevurugika ilipohamishwa, nami ningeshtuka. Tarakimu iliyoandikwa kwa mkono haina wasiwasi, huenda popote inapopelekwa. Wala Excel haikukosea. J, u, m, kisha l: baada ya Juma mwenye a, kabla ya Justina mwenye s. Niliiambia ipange maneno, ikapanga maneno. Kwamba mengine ni watu na mengine si watu, hilo lilikuwa langu.

Kile kitufe kinaonekana kidogo, ila kila kinapobonyezwa kinaamua mambo kadhaa kimyakimya: orodha inaanzia na kuishia wapi, alama ipi inatangulia ipi, mahali patupu pahesabiwe vipi. Juu ya hayo kinachukulia kwamba jina la mtu linaanza na neno la kwanza unaloliona kwenye kisanduku. Kwetu huku dhana hiyo ya mwisho ndiyo yenye vita zaidi, lakini kosa linaloumiza kuliko yote hutoka kwenye lile la kwanza.

Shule moja ya sekondari, nisiyoitaja, iliwahi kuniita kwa simu baada ya ripoti za muhula kutoka. Mwalimu wa taaluma hakusalimia sana. "Kaka, hebu njoo. Mtoto ambaye hakufanya mtihani ana 94 ya Hisabati."

Faili lilikuwa limepambwa hasa. Safu A namba, safu B jina, safu C jinsi. Safu D tupu, imebanwa hadi ikawa nyembamba kama uzi na kupakwa kijivu, ili itenganishe upande wa watoto na upande wa alama. Kuanzia E ndipo masomo yalipoanza. Karani alibofya jina moja, akabonyeza A–Z.

Unapobofya kisanduku kimoja tu, Excel hutafuta yenyewe mipaka ya jedwali. Husogea kila upande hadi ikutane na safu nzima au mstari mzima usio na kitu, na hapo huona ndio ukuta. Rangi kwake si kitu. Kisanduku cha kijivu kisicho na maandishi ni kitupu. Ikafika D ikasimama. Majina na jinsi vikajipanga vizuri kabisa, alama zikabaki pale pale zilipokuwa. Halikutokea onyo lolote, kwa sababu kwa macho ya programu yale yalikuwa majedwali mawili yasiyojuana. Onyo hutokea mtu anapochagua safu moja iliyopakana moja kwa moja na nyingine zenye data: hapo huulizwa kama upangaji uchukue na majirani au uishie kwenye safu hiyo peke yake. Na wapo wanaochagua hilo la pili kwa sababu tu wanataka kile kidirisha kiondoke.

Bado kulikuwa na njia ya kurudi. Namba za safu A ziliandikwa moja hadi 46 na zilisafiri pamoja na majina yake. Ungepanga tena kwa namba, kila mtoto angerudi mbele ya alama zake kwa nusu dakika. Lakini karani, mtu msafi wa kazi, aliona namba zimekaa ovyo, 17, 3, 41, akazifuta na kuvuta upya kuanzia 1 ili ukurasa uwe nadhifu. Akahifadhi, akafunga, akachapisha. Ctrl+Z haivuki kufungwa kwa faili. Tuliketi siku mbili na karatasi za walimu wa masomo, somo moja baada ya jingine, tukirudisha alama kwa wenyewe. Wazazi walikuwa wamekwisha kutoa zawadi, na wengine viboko.

Tangu hapo sipangi orodha ya mtu kabla ya kuongeza safu ya namba za awali, nikaipa jina "mwanzo", na sikubali iguswe. Iwe namba zilizoandikwa, zisiwe fomula ya =ROW(), maana fomula hiyo hujihesabu upya kila inapokwenda: utapanga utakavyo nayo itakuonyesha 2, 3, 4 kwa utulivu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye Google Sheets kuna kupanga laha nzima na kupanga eneo ulilochagua tu. La pili ndilo linalotenganisha mtu na alama zake. Kuhusu visanduku vilivyounganishwa ili kichwa kikae katikati, hivyo angalau vina ustaarabu: Excel hugoma kupanga, ikisema visanduku vilivyounganishwa havilingani ukubwa. Afadhali kugomewa kuliko kukubaliwa namna ile.

Tuje kwenye herufi. Kompyuta haina A. Ina 65. Katika ASCII, msimbo unaoipa kila herufi namba yake, ambao mzizi wake ni kiwango cha Marekani cha 1963 na ambao bado umo ndani ya Unicode, msimbo wa herufi za lugha zote tunaoutumia leo, herufi kubwa zinaanzia 65 hadi 90, ndogo 97 hadi 122. Programu inayopanga kwa namba hizo peke yake humweka ZAINABU mbele ya asha, kwa kuwa Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97. Excel haifanyi hivyo. Kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, labda uiamuru. Ila mifumo mingi inayotoa orodha nje hupanga kwa msimbo, kwa hiyo ukipokea orodha ambamo majina ya herufi ndogo yamejazana mwishoni, ujue ndiko ilikotoka.

Nafasi tupu nayo ni alama, namba yake 32, na inatangulia herufi zote. Hapo ndipo Zuhura anapokuwa wa kwanza darasani. Mtu aliyeandika jina lake aligusa kitufe cha nafasi kabla ya Z, macho hayaoni, kompyuta inaona. Dawa yake ni TRIM: kwenye safu ya pembeni andika =TRIM(B2), vuta hadi chini, kisha nakili na ubandike matokeo kama maandishi matupu. TRIM huondoa nafasi za mwanzo na mwisho, na zile mbili mbili za katikati huziacha moja. Kuna nafasi nyingine inayokuja na majina yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti, namba yake 160, ambayo TRIM haiigusi. Hiyo huondolewa kwa =TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ")). Nimewahi kumwona mtu akifuta na kuandika upya majina mia mbili kwa sababu hakujua habari ya 160. Sikuwa na moyo wa kumwambia alipofika la mia na themanini.

Halafu kuna ng'. Chukua majina manne: Ngasa, Ng'wandu, Ngoma, Ng'ombeni. Excel inapopanga huruka ile alama ya juu kana kwamba haipo, kama inavyoruka kistari kifupi, kwa hiyo inatoa Ngasa, Ngoma, Ng'ombeni, Ng'wandu. Mfumo unaopanga kwa msimbo huiona kama 39, ndogo kuliko herufi yoyote, nao unatoa Ng'ombeni, Ng'wandu, Ngasa, Ngoma. Orodha moja, watu wale wale, mpangilio tofauti. Ukishika karatasi mbili zilizotoka kwenye mifumo miwili ukalinganisha kwa kidole, utaapa kwamba Ngasa ameongezwa na Ng'wandu ameondolewa.

Linaloudhi zaidi ni kwamba alama yenyewe si moja. Kwenye kibodi ni kijiti kilichonyooka, '. Word hukibadilisha unapoandika kikawa kilichopinda, ’, ambacho namba yake ni 8217, na baadhi ya simu hufanya vivyo hivyo. Excel hukiacha kama ulivyokipiga. Kwa hiyo Ng'wandu wa orodha iliyoandikwa kwenye Excel na Ng’wandu wa orodha iliyotoka Word ni maneno mawili tofauti. VLOOKUP, fomula ya kumtafuta mtu kwenye orodha nyingine, itakuambia hayupo, nawe unamwona kwa macho yako. Kabla ya kulinganisha orodha mbili zenye Wasukuma au Wakikuyu, pitisha kwanza =SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),"'") kwenye zote mbili. Na ukikutana na Ngwandu asiye na alama kabisa, usimlaumu mwandishi haraka. Mistari ile ya mashine chini ya ukurasa wa pasipoti, inayofuata kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, haina alama hiyo. Huiondoa na kuunganisha herufi zilizobaki. Mtu aliyejaziwa fomu kwa kutazama mistari hiyo huzaliwa upya kwa tahajia nyingine.

Herufi zenyewe zina nchi zake. Kwa Kidenishi aa huhesabiwa kuwa å, herufi ya mwisho kabisa, kwa hiyo kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Denmark huweza kumtupa Aaliyah baada ya Zuhura. Kwa Kihispania ch ilikuwa na mlango wake peke yake baada ya c, hadi akademia za lugha hiyo zilipoamua 1994 kwamba kupanga kufuate herufi moja moja. Sisi ch yetu tunaipanga kwa herufi moja moja: Cecilia, Chausiku, Clara. Kwa kanuni ile ya zamani ya Kihispania, Chausiku angengoja Clara apite. Ukiona orodha ina tabia usizozielewa, tazama mipangilio ya lugha ya kompyuta kabla ya kuilaumu programu.

Lakini hata herufi zikisafishwa zote, swali kubwa linabaki: jina lipi?

Mtanzania akiandikishwa hutoa majina matatu: lake, la baba, la babu. Juma Hamisi Juma. Fomu inamwuliza jina la kwanza, la kati na la mwisho, naye anajaza. Jina la ukoo kwa maana wanayoitaka wenye pasipoti, watu wengi hawana. Wengine wanalo, Mushi au Massawe, wengine wana jina la babu lililosimama hapo kwa kuwa kisanduku kilikuwa wazi. Darasani tunaitana kwa jina la kwanza na rejesta hupangwa hivyo. Chuoni mtu yule yule anaandikwa JUMA, Juma Hamisi, na benki wanampanga kwa lolote. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja kaandikwa kwa jina la babu na mwingine kwa la ukoo, hukaa kurasa mbili tofauti wala hakuna anayejua kwamba walitoka nyumba moja.

Hatuko peke yetu. Waiceland hubeba jina la baba au la mama likiwa na kiambishi cha "mwana wa" au "binti wa", na kitabu chao cha simu kilipanga watu kwa jina la kwanza. Hawakuona aibu. Waethiopia nao hufuatisha jina lao kwa la baba, na jina la kwanza ndilo la mtu mwenyewe. Kasumba ya kwamba orodha ya heshima lazima ianze na jina la mwisho tumeipata kwa watu ambao jina lao la mwisho ni la familia nzima. Mimi kwa orodha za hapa nyumbani, za darasa, kikundi cha kuweka na kukopa, kijiji, hupanga kwa jina la kwanza, kisha la kati, kisha la mwisho. Mtu anajitafuta kwa jina analoitwa. Orodha ikienda kwenye taasisi inayotaka la mwisho mbele, ndipo nabadilisha.

Ili ubadilishe bila kulia, kila jina liwe na safu yake tangu siku ya kwanza. Majina matatu yakiwa yamebanwa kwenye kisanduku kimoja, kitufe cha A–Z huanzia la kwanza daima. Kwenye menyu ya Data kuna chombo cha kugawa maandishi kwenye safu kwa kufuata nafasi tupu, kizuri, ila mwenye majina mawili atakuwa na la mwisho kwenye safu ya la kati. Ukitaka la mwisho tu, fomula ya wazee ni hii:

=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",REPT(" ",100)),100))

Inatisha kwa sura tu. Kila nafasi tupu ndani ya jina inatanuliwa ikawa mia moja, kisha zinachukuliwa alama mia za mwisho kutoka kulia. Kwa umbali huo neno la mwisho peke yake ndilo linaloweza kuwemo, pamoja na utupu ulio mbele yake, na TRIM inafagia utupu. Safu zikishakuwa tatu, fungua dirisha la kupanga badala ya kutumia kitufe, uongeze ngazi: kwanza hili, wakilingana lile, wakilingana lile. Excel inakubali hadi ngazi 64. Kwa akina Juma wa Tanzania, tatu zinatosha, mara nyingine nne kwa kuongeza tarehe ya kuzaliwa.

Ile fomula inajikwaa kwenye majina yenye maneno madogo ndani yake. Said bin Ali inampa Ali, sawa. Daniel arap Moi inampa Moi, na ndiko orodha nyingi zinakomweka, japo maana ya arap ni mwana wa. Majina ya Zanzibar na Oman yana shida yake: Al Busaidi, Al-Busaidi, Albusaidi. Fomula itampa wa kwanza Busaidi, itawapa wengine majina yao mazima, na ukoo mmoja utagawanyika kati ya A na B. Ukipanga bila fomula nako, jina la ukoo likiwa kwenye safu yake, wote wanarundikana kwenye A. Hapa hakuna hila ya kompyuta, lazima mtu akae achague tahajia moja ya kupangia, aiweke kwenye safu yake ya pembeni, na jina kama mwenyewe anavyoliandika libaki bila kuguswa kwenye safu inayochapishwa. Nasisitiza hilo la kutoguswa. Mtu hapendi kusomewa jina lililonyolewa mbele za watu.

Safu hiyo ya kupangia inasaidia pia kwa wale ambao alfabeti haioni udugu wao. Hassan na Hassani watakaa jirani, utagundua kwamba ni mmoja aliyeandikwa mara mbili. Hamisi na Khamis, Athumani na Othman, hawaonani kabisa. Ukitafuta waliojirudia kwenye orodha ya mgawo kwa kupanga tu na kutazama, hao watakupita.

Turudi harusini, maana JUMLA hakuwa peke yake. Herufi M ilikuwa imefurika: Mama Asha, Mama Neema, Mama Mkwe, Mzee Salum, Mch. fulani, Mwl. fulani, Mjomba wa Tanga. Chini ya B walikuwa Baba Neema, Bi. Rehema na Bw. nani. Mama Asha ndivyo anavyojulikana, ukimwandika kwa jina la cheti hakuna atakayemtambua kwenye kundi, pengine hata mwenyewe. Nilihamisha vyeo na heshima kwenye safu yake mbele ya jina, nikawapanga kwa lililobaki. Mama Asha akaenda A, Baba Neema na Mama Neema wakakaa pamoja kwenye N kama wanavyokaa nyumbani, na kwenye kuchapisha cheo na jina vikaungana tena. Mama Mkwe nilimwacha M. Kuna mambo hayapangwi.

Safu ya mwezi wa ahadi nayo ilikuwa imejipanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Excel huja ikijua mpangilio wa miezi kwa lugha ya mipangilio yake. Januari yetu kwake ni neno kama maharage. Unaweza kuifundisha kwa kuiandikia orodha maalumu ya miezi kumi na miwili, au uandike tarehe halisi na kuacha mwezi uonyeshwe tu. Vivyo hivyo kwa meza za ukumbini: Meza 1, Meza 10, Meza 11, Meza 2. Maandishi hulinganishwa alama kwa alama, na 1 ya mwanzo wa 10 ni ndogo kuliko 2. Andika Meza 01, Meza 02, au weka namba peke yake kwenye safu yake.

Kuhusu JUMLA mwenyewe, nilimrudisha chini, nikampa fomula ya SUM badala ya tarakimu za mweka hazina, na kati yake na mchangiaji wa mwisho nikaacha mstari mmoja mtupu. Excel hufika hapo ikaona ukuta, ikasimama, kama ilivyosimama kwenye safu D ya ile shule. Mpaka sherehe inafanyika orodha ilipangwa upya labda mara ishirini, naye hakupanda tena.